Zimwi la Vichwa Vitatu

Somo letu la leo laanza kwa hadithi.

Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi, na za nyoka wenye vichwa saba. Hadithi moja ya Unguja, ya Sultani Darai, iliandikwa na Mwingereza Edward Steere katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1870. Humo paa mdogo alifika katika nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba. Hakukimbia. Alishika upanga, akakata kichwa kimoja kimoja, hata vyote saba vikaisha.

Wayunani wa kale nao walikuwa na nyoka wao, jina lake Hydra. Huyu alikuwa mbaya zaidi. Ukikata kichwa kimoja, viwili vyaota mahali pake. Hercules alimshinda kwa kuwa alipata msaidizi. Yeye alikata, na Iolaus, mtoto wa ndugu yake, akachoma shingo kwa moto ili kichwa kisiote tena.

Je, mazimwi yamekwisha? Tulipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mimi nawaona kuwa zimwi moja lenye vichwa vitatu.

Tazameni. Mkulima apeleka ufuta wake kupimwa. Hajui kusoma mizani. Aambiwa kilo 40, kumbe ni kilo 52. Ujinga umeotesha umaskini. Mwanawe ashikwa na homa, na nauli ya kwenda hospitali hakuna. Umaskini umeotesha maradhi. Mwisho dawa yapatikana, lakini mama hawezi kusoma karatasi yake. Vidonge vingapi? Mara ngapi kwa siku? Kichwa cha kwanza kimerudi!

Basi, ndugu zangu, kusoma ndio upanga wetu. Lakini upanga uliowekwa darini haukati kitu. Utumieni sokoni na nyumbani. Tena ukijua wewe, mfundishe jirani yako. Huo ndio moto wa kuchoma shingo.

Kazi ya juma hili: Wanakisomo wa Kilosa, someni mizani sokoni. Wa Mikumi, someni karatasi ya dawa. Kila mmoja aandike daftarini alichosoma, kisha amsomee mtu asiyejua kusoma.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.