Mgongo Unauma: Chanzo Kiko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wenzangu tuliokula maharage ya bwalo hili, na ninyi vijana mnaoyala sasa,

Nimetakiwa niseme machache juu ya osteopathia, yaani utabibu wa kutumia mikono ambao wengi wetu tumeusikia kwa jamaa waliokwenda Ulaya na Marekani. Nikizitazama mvi zilizo mbele yangu, naona siyo lazima nieleze kwa nini habari ya migongo inatuhusu.

Mwasisi wake ni Andrew Taylor Still, tabibu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1828. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto watatu wa nyumba yake, na dawa za siku zile hazikufaa kitu. Tangu hapo akazitilia shaka dawa. Mwaka 1874 akaitangaza elimu yake, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Siku hizi wahitimu wa elimu hiyo huko Marekani ni madaktari kamili, huandika dawa na hupasua. Uingereza sivyo, huko ni waganga wa viungo, nao husajiliwa kwa sheria ya mwaka 1993.

Mganga huyo akijiwa na mtu aliyeumwa kiuno miaka kumi, haanzi na kiuno. Humwuliza kazi yake, anavyolala, na kama aliwahi kuanguka. Humtazama akisimama na akitembea, kisha huzipapasa pingili moja moja. Tuseme mgonjwa ni fundi cherehani aliyeteguka kifundo cha mguu zamani. Kifundo kilipona, lakini kikabaki kigumu. Akitembea huegemea upande wa pili, nyonga ikachukua mzigo usio wake, na kiuno ndicho kinacholia. Ukimkanda kiuno peke yake atapata nafuu ya siku mbili. Mganga atakilegeza kifundo na nyonga, tena atauliza habari za kiti anachokalia. Kuuliza huko ndiko ninakokusifu, maana sisi wa hospitali, kwa wingi wa foleni, mara nyingi huandika vidonge kabla mgonjwa hajamaliza sentensi ya pili.

Lakini, ndugu zangu, kukiona kitu siko kuthibitisha kwamba ndicho chanzo. Mwaka 1994 Wamarekani walichapisha uchunguzi wa watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo. Walipigwa picha kwa mashine ya sumaku, na 64 kwa kila 100 wakaonekana wana kasoro katika visahani vilivyo kati ya pingili. Kasoro walikuwa nazo, maumivu hawana! Basi mkono wenye ujuzi hautakosa upogo wa kukuonyesha, wala upogo huo si lazima uwe ndio unaokuliza. Still aliamini kwamba maradhi mengi asili yake ni mifupa iliyokaa vibaya. Hilo halikuthibitika. Kisukari hakitoki kwenye pingili, na atakayekuambia ataking'oa kwa kukunyoosha shingo, muage kwa adabu uondoke.

Kwa maumivu ya kiuno, lipo la kusema. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, wagonjwa 155 walifuatwa kwa wiki 12, wengine wakitibiwa kwa mikono, wengine kwa njia ya kawaida ya hospitali. Nafuu ilikuwa karibu sawa, ila waliotibiwa kwa mikono walitumia dawa kidogo zaidi. Si muujiza, lakini mwenye vidonda vya tumbo anayemeza vidonge vya maumivu kila siku hataudharau.

Vijana, mkirudi nyumbani waangalieni wazee wenu. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda waweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maradhi hayo hayakai kifuani tu. Dawa zake hunywewa miezi mingi, na mgongo wa namna hiyo usibinywe na mtu ye yote. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kuzuilika, ni hospitali siku ile ile, si kesho.

Maswali nitayapokea baada ya chakula. Ila mwenye kiuno kibovu asiniombe nimnyooshe juu ya meza ya bwalo.