Kikundi cha Vijana Kiwafuate Walioachwa Nyuma



Tumeombwa tuzungumze juu ya vikundi vya vijana mashambani, na hasa juu ya vijana ambao vikundi hivyo haviwafikii. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa watu waliozoea kusikia habari za katiba na uchaguzi. Sisi hatulioni dogo. Kijana wa kijijani hukutana na demokrasia kwa mara ya kwanza pale kikundi chake kinapomchagua mweka hazina na kumdai hesabu. Asiyepata nafasi hiyo huingia utu uzima akiwa mtazamaji wa mambo yanayomhusu.

Wengi wenu mwavikumbuka vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mfano wa vyama vya 4-H vya Marekani. Watoto walilima vishamba vya shule, wakafuga sungura na kuku, wakashindana katika maonyesho ya kilimo. Baadaye vilififia, na mwaka 2021 serikali ikavizindua upya. Ni jambo jema. Lakini yafaa tuulize ni nani aliyebaki nje ya ua. 4-K ilikaa shuleni. Kabla ya karo ya shule za msingi kufutwa mwaka 2003, mtoto aliyekosa karo alikosa shule, na aliyekosa shule alikosa chama. Hata leo, kijana aliyeacha masomo hana mlango wa kuingilia.

Kuachwa huku hakukutokea kwa bahati mbaya. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye rutuba, mvua na barabara, kwa matumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Palipokosa mvua pakakosa pia shule, zahanati na ofisa wa kilimo. Katiba ya mwaka 2010 ilikiri kasoro hiyo kwa kuanzisha Hazina ya Usawazishaji katika Kifungu cha 204. Mwaka 2013 kaunti 14 zilitajwa kuwa zimetengwa, miongoni mwazo Turkana, Marsabit, Isiolo, Tana River, Lamu na Kwale. Nacho Kifungu cha 55 chaitaka serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata nafasi ya kujumuika, kuwakilishwa na kushiriki. Maneno haya hayakusema vijana wa mjini, wala vijana wenye vyeti.

Hebu tutazame vizuizi vyenyewe. Kijana mfugaji wa Isiolo hufuata malisho. Kikundi kinachokutana sokoni kila Jumamosi kitamfuta kwenye daftari wakati wa kiangazi, kisha kimwite mtoro. Kijana wa maskwota katika pwani hana kipande cha ardhi, na kikundi kinachodai kila mwanachama awe na shamba la kuonyesha kimekwisha kumfukuza kabla hajabisha hodi. Msichana hurudi kutoka kisimani wakati mkutano umekwisha. Mwenye ulemavu huambiwa aje, lakini hakuna anayeuliza atafikaje. Na wapo waliokosa hata karatasi za kuwatambulisha. Wamakonde wa Kwale walizaliwa na kuzeeka hapa nchini, na ni mwaka 2017 tu walipoanza kupewa vitambulisho. Wapemba walisubiri hadi mwaka 2023. Bila kitambulisho, kijana huyo angeliandikisha kikundi kwa jina gani?

Upo pia mtego ambao ni lazima tuutaje. Mwaka 1992 nchi hii ilishuhudia Youth for KANU '92, kundi lililoundwa kutafutia chama tawala kura, na noti zikamwagwa. Uchaguzi ulipokwisha, kundi nalo likavunjwa. Vijana waliobaki mikono mitupu walifundishwa somo baya, kwamba umoja wao ni bidhaa ya msimu. Kila uchaguzi ukaribiapo, vikundi vya namna hiyo huchipuka kama uyoga. Njaa ya kijana aliyetengwa ndiyo mbolea yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, mkutano uwafuate watu: penye malambo kwa wafugaji, ufuoni kwa wavuvi, na kwa saa ambayo msichana ameweka mtungi chini. Pili, kiingilio kiweze kulipwa kwa kazi. Asiye na shilingi ana mikono. Tatu, shamba liwe la pamoja, likodishwe au liazimwe, na hapa makanisa na misikiti yenye ardhi inayolala bure yaweza kutoa mfano. Nne, viongozi wachaguliwe kwa kura ya siri na kwa muda maalumu, na vyeo vya kusimamia fedha visiwe vya wavulana peke yao. Waliopanga foleni nyuma ya picha za wagombea mwaka 1988, wakaona foleni ndefu ikitangazwa kuwa fupi, wanajua thamani ya kura ya siri. Tano, hesabu isomwe hadharani kila mwezi, kwa lugha inayoeleweka na wote waliopo. Sita, mwanasiasa akitaka kutoa msaada, autoe mchana, uandikwe daftarini, wala asipewe cheo cha mlezi.

Wapo watakaosema kwamba kuwafuata walio mbali ni gharama, na kwamba ni afadhali kuimarisha vikundi vilivyopo. Twawajibu kwa heshima: hoja hiyo ndiyo ile ya mwaka 1965, na matunda yake tumeyaona. Kikundi kinachowapokea tu wale ambao tayari wana shule, ardhi na barabara huongeza pengo ambalo kilidai kuliziba.

Ndugu na dada, kila mmoja wetu anatoka katika parokia, jimbo au kata fulani. Tunapoagana leo, tuulizane: katika kata yetu, ni vijana gani ambao hawajawahi kuitwa kwa majina yao? Tukiwajua, twende kwao kabla hatujawaita waje kwetu. Tukikaa nao, tusiwape viongozi. Tuwape sanduku la kura, daftari na kalamu, nao watajichagulia.