Daftari Lina Bei: Kodi na Fedha za Mwenye Fremu Moja



Sisi wa fani ya uhasibu tukitaja mipango ya kodi, mawazo yetu hukimbilia kwenye kampuni kubwa, zenye mwanasheria na mhasibu wa kudumu. Jioni hii nazungumza habari za mwenye fremu moja, yaani chumba kimoja cha duka. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu huyu daftari ndiyo mipango ya kodi yenyewe, na sheria ya Tanzania imelipangia daftari hilo bei inayojulikana.

Mtu binafsi mwenye biashara, ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, huingia kwenye kodi ya makadirio. Kwa jedwali la Sheria ya Fedha ya 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za hesabu hulipa 100,000, na mwenye nazo hulipa asilimia 3 ya kile tu kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye nazo hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Mchukueni fundi cherehani anayeuza milioni 8 kwa mwaka. Bila kumbukumbu, ni 250,000. Akiwa nazo, ni 120,000. Kaunta buku ya shilingi elfu chache imemwachia 130,000 mkononi. Msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari umebandikwa kwenye kuta za maduka mengi, mara nyingi juu ya kaunta isiyo na daftari.

Jedwali hilo lina kasoro, nami sitaificha. Asiye na kumbukumbu akiuza milioni 7 kamili hulipa 100,000. Akiuza shilingi moja zaidi, anadaiwa 250,000. Hapo mtunga sheria amemfundisha mtu kuficha mauzo ya Desemba. Lakini mruko huo upo kwa asiyeandika peke yake. Kwa anayeandika, hadi milioni 11, kodi hupanda polepole kadiri mauzo yanavyopanda.

Kwa nini basi watu hawaandiki? Jibu nililolisikia mara nyingi ni kwamba ukiandika, Mamlaka ya Mapato (TRA) watajua. Siwacheki. Kodi katika nchi hii ilianza kwa mabavu, tangu Wajerumani walipotoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na kodi ya maendeleo iliyowakimbiza watu vichakani ilifutwa mwaka 2003 tu. Wafanyabiashara wa soko la Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, na manung'uniko yao mengi yalihusu namna kodi inavyokusanywa.

Hata hivyo, afisa asiyekuta daftari haondoki mikono mitupu. Sheria inamruhusu kukadiria. Atatazama bidhaa rafuni, kodi ya pango unayolipa, mtaa uliopo, na miamala ya lipa namba yako, kisha ataandika tarakimu. Una siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa zaidi. Baada ya hapo utabishana kwa kutumia nini? Aliyeogopa kuandika ameshamkabidhi afisa kalamu.

Sasa tupande juu ya milioni 11, ambako ndiko kwenye mambo. Kuanzia hapo hadi milioni 100, makadirio ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, uwe umepata faida au hukupata. Duka la sukari na unga linalouza milioni 40 kwa mwaka litalipa 1,400,000. Kwenye sukari na unga faida ni nyembamba; ikibaki asilimia 5 baada ya pango na usafiri, ni milioni 2. Kodi imekula sehemu kubwa ya jasho la mwaka mzima. Lakini sheria haimlazimishi mwenye duka kubaki kwenye makadirio. Anaweza kuchagua kuwasilisha hesabu na kutozwa kwa faida, na faida isiyozidi 3,240,000 kwa mwaka haitozwi kodi kwa mtu binafsi. Kodi yake ya mapato ingekuwa sifuri. Ukitoa ujira wa mhasibu, bado anasalimika.

Msikimbilie kuiga. Saluni yenye mauzo hayo hayo ya milioni 40, ambayo mtaji wake ni mikono zaidi ya bidhaa, ikibakiwa na faida ya milioni 16 italipa 2,736,000 kwa njia ya hesabu. Mwenye saluni hiyo abaki kwenye makadirio. Majirani wawili, mauzo sawa, uamuzi tofauti. Na hakuna kati yao awezaye kuamua bila kujua faida yake ni ngapi. Ndiyo maana hunichosha mtu anayeuliza njia ya kupunguza kodi kabla hajajua anauza kiasi gani.

Na daftari lenyewe si kazi ya msomi: tarehe, mauzo, manunuzi, matumizi, deni la mteja. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Risiti za mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) hufifia maandishi zikikaa kwenye joto, kwa hiyo zipige picha au zitolee nakala siku ile ile. Ukizuiliwa kodi na mteja mkubwa, dai hati ya zuio. Bila hiyo unaweza kulipa mara mbili.

Kinachowaangusha wengi zaidi ya kodi ni droo na mfuko kuwa kitu kimoja. Lipa namba ya duka isipokee michango ya harusi. Jilipe mshahara, hata mdogo, na ukiisha umeisha. Kwa fundi wetu wa 120,000, malipo ni awamu nne za 30,000, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ni kama 2,300 kwa wiki, fedha ya kuwekwa pembeni kila Jumamosi. Asiyeweka hukutana na ada ya shule Januari, Machi ikamkuta mtupu, akaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Riba ya mkopo huo huizidi kodi iliyompeleka huko.

Waajiriwa, ambao daftari lao ni hati ya mshahara, nawagusia kwa ufupi. Mshahara wa 800,000 ukikatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi hupigwa kwenye 720,000, nayo ni 60,000. Wakikata kwenye 800,000 yote ni 78,000. Someni hati zenu za mshahara.

Viwango vinaweza kubadilika kila Julai, kwa hiyo msitumie mhadhara huu badala ya sheria ya mwaka wenu. TRA nayo naiomba ibandike jedwali la makadirio, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwenye kila soko na ofisi ya kata, likiwa na safu zote mbili, ya mwenye kumbukumbu na ya asiye nazo. Na ninyi wenye fremu, mkitoka hapa nunueni kaunta buku. Mauzo ya kesho yaandikeni kesho.