Gorila, Leza na Steringi Asiyekufa



Nimekuja kuitetea filamu mbovu. Inaitwa Congo. Ilitoka Juni 1995, mwongozaji wake ni Frank Marshall, na imetokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980. Kampuni ya mawasiliano ya Marekani inatafuta almasi ya buluu huko Virunga ili itengeneze leza yenye nguvu kuliko zote. Watu wake wanakuta magofu ya mji yanayolindwa na gorila wa kijivu waliofunzwa kuua binadamu. Mji huo umepewa jina la Zinj, ambalo Waarabu wa kale walilitumia kwa pwani yetu, sasa limepandishwa hadi kwenye volkano. Kuna gorila jike anayezungumza kwa glavu ya kielektroniki. Kuna hata puto la hewa ya moto. Wahakiki wengi waliichana, na ikateuliwa mara kadhaa kwenye Razzie, zile tuzo za kejeli. Hata hivyo iligharimu kama dola milioni 50 ikaingiza zaidi ya milioni 150, na Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, akaipa nyota 3 kati ya 4. Mimi niko upande wa Ebert.

Kwa nini niilete hapa Ujiji? Kwa sababu milima ile ya ng'ambo ya ziwa, siku anga likitakata, ndiyo Kongo yenyewe. Na ukipanda boti Kibirizi ukafuata ufuko kuelekea kaskazini unafika Gombe, nyumbani kwa sokwemtu. Mtu wa hapa hawezi kuitazama filamu hii akanyamaza, na hoja yangu jioni hii ni kwamba humo humo katika kutonyamaza ndimo ilimo raha. Filamu iliyokamilika inatufunga mdomo. Hii yenye matundu inatuachia kazi ya kufanya.

Chukueni tukio la ndege. Msafara uko angani, makombora yanarushwa kutoka ardhini. Karen Ross, mwanamke wa ile kampuni, anafungua mlango, anatoa bastola ya fataki na kuanza kufyatua, na makombora yanazifuata fataki. Kisha wanaruka kwa miavuli, gorila akiwemo. Ukumbi mzima hapo hucheka na kusema uongo umezidi. Kumbe penye kelele hizo ndipo penye ukweli. Kombora linalofuata joto haliijui ndege, linajua joto tu, na ndege za kijeshi humwaga fataki za moto mkali angani ili lipotee njia. Sidhani kama bastola moja mlangoni ingetosha, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Leza nayo ina kisa chake. Leza ya kwanza duniani aliiwasha Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960, na ndani yake mlikuwa na kijiti cha rubi. Kwa hiyo wazo la kutafuta kito ili upate mwanga mkali halikuzuka hivi hivi. Filamu inapotea pale inapokitia kito kwenye bunduki ya mkononi na kuwakatakata gorila. Almasi haizalishi nguvu, inahitaji kulishwa, na nguvu ya kukata mfupa kwa mbali hivyo haitoki kwenye betri ya kushikwa kiganjani. Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne anayelipinga hilo kwa sauti, huku mikono imeshika benchi kwa hofu, amefaidi filamu mara mbili.

Miezi miwili baada ya Maiman, tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu, alishuka Gombe. Hapa ndipo Congo inaponisisimua zaidi, kwa sababu imekosea mnyama. Gorila wa milimani anakula majani na mashina, na ukali wake mwingi ni wa kutishia. Lakini kuanzia 1974 hadi 1978, kwenye mabonde haya yetu, madume ya sokwemtu wa kundi la Kasakela waliwavizia wenzao wa Kahama, waliokuwa wamejitenga nao, wakawaua mmoja baada ya mwingine mpaka kundi lile likaisha. Goodall mwenyewe alipata taabu kuyakubali hayo. Crichton alikwenda kutafuta nyani wauaji Virunga, na habari ilikuwa jirani na Kigoma.

Volkano ya mwishoni nayo huchekwa kwa jinsi lava inavyokimbia. Lakini Nyiragongo, iliyopo Virunga hiyo hiyo, ina lava nyepesi ajabu. Mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ambayo mtu kwa miguu hawezi kuikwepa, na Januari 2002 ikapita katikati ya Goma.

Sasa nigeukie kosa nisilolicheka. Ernie Hudson anacheza Munro Kelly, kiongozi wa msafara, Mweusi, mcheshi, na anatoka mzima. Kwenye vibanda umiza vyetu, vile vya kuonyeshea video, kanuni ni moja, steringi hafi, na kumwona mtu mwenye rangi yetu akilindwa na kanuni hiyo mwaka 1995 si jambo dogo. Lakini nyuma yake wapo wapagazi. Kahega, aliyechezwa na Adewale Akinnuoye-Agbaje, ndiye peke yake ninayemkumbuka kwa jina. Waliobaki wapo ili wabebe, kisha wafe. Nalisema hili Ujiji, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika majini, na nyumba ngapi humu zina babu aliyeingia na mzigo kichwani. Tena filamu ilipotoka, kambi za Kivu huko Kongo zilikuwa zimejaa wakimbizi wa Rwanda. Mwaka uliofuata vita vikaanza, watu wakavuka ziwa kuja kwetu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Kongo ya watu haimo katika Congo.

Tiba naijua, nayo imetoka vibandani, kwa watafsiri wa filamu. Derek Mukandala, yule Lufufu wa Dar es Salaam, na wenzake kama DJ Afro kwa Wakenya, hawakuishia kutafsiri maneno. Waliwabatiza wahusika majina, wakawatania, wakamtolea siri adui kabla hajaonekana, na palipokuwa na ukimya wakapajaza. Ningemkabidhi mmoja wao Congo bila kukata hata picha moja. Wapagazi wale kila mmoja angekuwa na jina, kijiji na mke aliyemwonya asiende. Mmoja bila shaka angekuwa wa Kigoma, akinung'unikia ujira kwa Kiha huku gorila wanakaribia.

Hapo nasimama. Mzee wa mstari wa mbele ameshanyoosha kidole tangu nilipowataja sokwe, naomba apewe kipaza sauti.