Unga wa Kipepeo Si Uchafu

Yupo kipepeo mkubwa mweusi mwenye mkanda wa buluu inayoelekea kijani. Wataalamu humwita Papilio nireus. Huruka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kiwavi wake hula majani ya milimau na michungwa. Mkulima wa Kiruruma, kule Karagwe, akimkuta kiwavi mlimauni, wazo la kwanza ni dawa. Leo naomba tumtazame kabla ya kumnyunyizia.

Ukimshika kipepeo, unga hubaki vidoleni. Ule si uchafu. Ni magamba madogo mno, yamelaliana kama nyasi za paa la msonge. Mwaka 2005 Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza katika jarida la Science yaliyomo katika magamba ya mkanda ule. Mna rangi inayonyonya miale ya jua isiyoonekana kwa macho yetu, kisha huitoa ikiwa nuru ya buluu-kijani.

Sasa, nuru ikizaliwa ndani ya kitu, nyingi hupotelea humo humo. Ndiyo maana gamba limejaa matundu membamba. Manne yakipangwa safu moja hayafikii sehemu moja ya elfu ya milimita. Hayo huizuia nuru isitawanyike pembeni. Chini yake yapo matabaka matatu yafanyayo kazi ya kioo: nuru iliyoshuka hurudishwa juu.

Mafundi wa taa za LED walihangaika na tatizo hilo hilo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitengeneza LED yenye matundu juu na kioo chini. Kumbe kipepeo alikuwa na taa yake kabla binadamu hajawasha kibatari!

Sina ugomvi na watu wa Exeter, wao walitazama. Nauliza tu: mdudu anazaliwa mlimauni kwetu, mbona habari zake tuletewe kutoka ng'ambo? Watoto wetu hukariri yai, kiwavi, pupa, kipepeo, wakafaulu mtihani bila kumgusa hata mmoja.

Mlimau mkubwa haufi kwa viwavi wachache. Mche mchanga ndio wa kulindwa, na mkono watosha kuwaondoa. Basi, mwalimu, kiwavi mmoja na apelekwe darasani pamoja na majani yake. Akiguswa atatoa pembe mbili laini zenye harufu kali, na watoto watacheka. Waache wacheke, kisha waulize maswali.

Hadi juma lijalo, kwaherini.