Shahada Ipi Imfae Mpelelezi?



Kijana aliyekusudia kuitumikia sheria, ama katika Jeshi la Polisi, ama katika Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, aghalabu huulizwa na jamaa zake atasoma nini chuoni. Jibu la upesi ni kwamba atafute shahada ambayo jina lake limebeba neno polisi, uhalifu au haki jinai. Jibu hilo hutazama jina la cheti, halitazami kazi.

Kazi yenyewe hupimwa mahakamani. Huko ndiko mzigo wote wa askari hufunguliwa na kukaguliwa kipande kwa kipande. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilimpa askari muda wa saa nne tu za kumhoji mtu aliyekwisha kumkamata. Muda huo ukipita pasipo kuongezwa kisheria, maelezo yaliyoandikwa yaweza kukataliwa, hata yawe marefu namna gani. Katika rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kielelezo kiwe na maandishi yanayoonyesha safari yake yote: nani alikikamata, nani alikihifadhi, nani alikipeleka kupimwa, nani alikileta mahakamani. Hukumu za baadaye zimelegeza kamba kidogo kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa. Lakini kwa kitu kama unga wa dawa za kulevya, pengo moja katika maandishi laweza kumwachia mhalifu huru. Na upelelezi mbovu wa namna hiyo hiyo, ukimwangukia asiye na hatia, humweka rumande akingoja haki ambayo haijulikani itafika lini.

Basi la kwanza la kujiuliza ni hili: ni ushahidi wa aina gani kijana anataka kuufahamu kuliko wenzake? Wizi wa fedha za umma haushikwi kwa kirungu. Hujificha katika hati za malipo, katika zabuni na katika akaunti za benki, na mwenye macho ya kuuona ni mhasibu. Al Capone, jambazi mashuhuri wa Chicago, hakutiwa hatiani kwa mauaji. Mwaka 1931 alipatikana na hatia ya kukwepa kodi ya mapato, akahukumiwa kifungo cha miaka 11, na waliomnasa ni watu waliojua kusoma daftari za hesabu. Kadhalika kompyuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima uzito wake kwa kutazama jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Askari asiyejua ujumbe ulivyotoka katika simu ya mshitakiwa atamjibu nini wakili wa utetezi? Kemia nayo ina nafasi yake, na wanaoipenda ni haba.

Shahada ya sheria ni njema, ila anayeichukua kwa tamaa ya kusimama kizimbani na kuhoji mashahidi afahamu kwamba uendeshaji wa mashtaka uko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Huenda mahali pake ni huko, wala si polisi.

Huko Marekani jambo hili limebishaniwa kwa zaidi ya miaka 100. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, ambaye mwenyewe hakusoma zaidi ya shule ya msingi, ndiye aliyesaidia kuanzisha masomo ya polisi katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1916. Mwaka 1967 tume ya Rais ilipendekeza kwamba hatimaye kila askari awe na shahada, na tangu mwaka 1968 serikali ikatoa fedha za kuwasomesha. Vyuo vikaikimbilia neema hiyo. Mwaka 1978 ripoti iliyoandikwa na Lawrence Sherman ikafichua kwamba vingi vilifundisha yale yale ya shule ya polisi, na ikashauri askari wapewe elimu pana zaidi. Hata leo, wapelelezi wa shirika la FBI hutakiwa kuwa na shahada, lakini hawalazimishwi kuwa nayo katika somo moja.

Mafunzo ya gwaride, ya silaha na ya ukamataji, jeshi lenyewe litayatoa. Hakuna haja ya kuyalipia ada ya chuo kikuu miaka mitatu. Masomo ya haki jinai yafaa pale tu mtaala wake unapofundisha takwimu, utafiti na mwenendo wa jamii. Mwombaji audai mtaala huo na kuusoma kabla ya kuomba nafasi.

Hukumu za Mahakama ya Rufani ziko wazi kwa kila mtu. Ndugu wanafunzi wachague hata tano zilizofuta hatia, wazisome polepole, waandike pembeni ni kitu gani kilichomshinda mpelelezi katika kila moja: hesabu, sayansi, sheria, au uandishi tu wa maelezo. Kisha ndipo wajaze fomu.