Gunia Moja Lisilokaguliwa: Hotuba kwa Wakulima na Wafanyabiashara wa Mpakani

Hii ni hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya wadi za Chala, Mahoo, Bomani, Mboghoni na Mata, Kaunti Ndogo ya Taveta. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa Taita Taveta.

 

Mwaka wa 1983 mdudu mmoja mdogo, asiyefika urefu wa nusu sentimita, aligunduliwa hapa Taveta. Kabla ya hapo hakuwa ameonekana popote nchini Kenya. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Wataalamu wanaamini kwamba alivuka bahari ndani ya shehena ya mahindi, akaanza kusumbua wakulima wa Tabora nchini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, halafu akafuata nafaka hadi mpakani. Mdudu huyo ni dumuzi. Wengine humwita Osama, na ng'ambo ya mpaka wapo wanaomwita Scania.

Kila mwenye ghala anamjua. Hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, hutoboa muhogo mkavu, hata mbao za ghala huzitafuna. Mahindi yasiyotibiwa yanaweza kupoteza hadi theluthi moja ya uzito wake katika miezi 5 au 6. Familia iliyoweka magunia 9 hufungua mlango ikakuta chakula cha magunia 6 na unga wa vumbi sakafuni.

Mwaka wa 1992 watafiti waliachilia mdudu mwingine anayemla dumuzi. Baadaye yakaja magunia yasiyopitisha hewa. Yote hayo yamesaidia, lakini dumuzi hajaondoka. Imepita miaka 40 na zaidi, na mkulima wa Mboghoni bado analipia dawa na magunia maalumu kwa sababu ya mzigo ambao haukuzuiwa wakati ulipokuwa unazuilika. Mdudu mgeni akishazaliana, hakuna serikali inayoweza kumrudisha alikotoka.

Ndugu wananchi, huko sokoni kuna swali linaloulizwa kila siku, nalo ni swali la haki. Watu wa Taveta na wa Holili ni majirani. Wanaoana, wanazikana, wanauziana. Mvua ni moja na udongo ni mmoja. Ikiwa mdudu haoni mpaka, ukaguzi wa mpakani unasaidia nini?

Jibu ni hili. Mdudu akitegemea mbawa zake huenda polepole, kutoka shamba hadi shamba, na wakulima hupata nafasi ya kumwona na kupambana naye. Akipanda lori hulala Holili akaamkia Kongowea, Mombasa. Tena mzigo unaouzwa Holili huenda haukutoka Holili. Mahindi, vitunguu, maharagwe na machungwa hufika hapo kutoka mikoa ya mbali, na pengine kutoka nchi nyingine kabisa. Mkaguzi anaangalia safari ndefu ya mzigo. Hamshuku jirani.

Sasa tuseme kuna mama mfanyabiashara anayetaka kuleta magunia 20 ya maharagwe. Afanye nini?

Kwanza, kabla ya kununua, aombe kibali cha kuingiza mazao ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali ya kitaifa linalosimamia afya ya mimea. Maombi hufanywa kwa mtandao, na asiyejua kutumia mtandao aulize katika ofisi yao mpakani. Kibali hutaja masharti ya zao hilo: wadudu gani wasiwemo, na kama ni lazima mzigo utibiwe kwa dawa.

Pili, ampelekee muuzaji nakala ya kibali. Muuzaji ataomba mzigo ukaguliwe na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake. Kwa Tanzania, mamlaka hiyo ni TPHPA. Mzigo ukipita, hutolewa cheti cha afya ya mimea.

Tatu, mzigo upite katika kituo cha mpakani, si kando yake. Hapo mkaguzi wa KEPHIS hulinganisha karatasi na mzigo, na kuchukua sampuli. Ukiwa safi, unaachiliwa. Ukiwa na kasoro, unaweza kutibiwa, kurudishwa au kuharibiwa, na gharama ni ya mwenye mzigo.

Kosa linalowaumiza wengi ni kugeuza mpangilio huo: mtu ananunua, anapakia, anafika mpakani, ndipo anauliza habari za kibali. Wakati huo pesa zimeshalala ndani ya mzigo na kila saa ya kusubiri inamuuma. Kibali hutangulia pesa.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu. Chini ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili. Mpango huo umewasaidia sana kina mama wa soko. Hata hivyo, cheti hicho kinaondoa ushuru tu. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea.

Kwa mahindi kuna sharti zaidi. Tangu Machi 2021, mwagizaji wa mahindi anatakiwa asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba kiwango cha aflatoksini, yaani sumukuvu, hakizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Sharti hilo lisichukuliwe kuwa usumbufu wa bure. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki katika eneo la Mashariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Yalikuwa mahindi ya humu humu nchini, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa. Ni kipimo tu kinachoitambua.

Kwa ndugu wa migomba, neno ni zito zaidi, kwa sababu ndizi ndiyo kazi ya Taveta. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka wa 2001, na kufikia 2006 ulikuwa umeingia magharibi mwa Kenya. Husafiri kwa machipukizi, kwa wadudu, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Kuna pia ugonjwa mwingine wa kuvu wa migomba, uliothibitishwa Msumbiji mwaka wa 2013. Kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi sana, na hakuna dawa ya kuutoa. Tope kwenye kiatu au kwenye gurudumu linatosha kuubeba.

Kwa hiyo machipukizi yasivushwe mpaka, hata kama ni zawadi ya shemeji na hata kama ni matatu tu. Udongo nao hauingii nchini bila idhini maalumu, hata ule ulio ndani ya chungu cha maua. Mwenye kutaka aina mpya ya ndizi anunue miche ya maabara kutoka kitalu kilichosajiliwa.

Mbegu ni vivyo hivyo. Ugonjwa hatari wa mahindi uliotambuliwa Bomet mwaka wa 2011 unaweza kusafiri ndani ya mbegu. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya KEPHIS. Kwangua lebo hiyo, tuma namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, nawe utaambiwa kama mbegu ni halali. Wale wenye jamaa Ulaya au Uarabuni wawaambie mapema: mbegu na matunda mabichi yasifichwe mkobani. Yatangazwe kwa mkaguzi uwanjani au bandarini. Nyama, maziwa na mifugo viko chini ya idara ya mifugo ya kitaifa, navyo vina kibali chake.

Anayepita njia za panya usiku anaokoa pesa kidogo kwa siku moja. Hasara inaenda kwa watu ambao hakuwahi kukutana nao. Nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka wa 2003. Mwaka wa 2014 nchi ililazimika kusimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya kwa sababu yake. Wenye miembe waliofungiwa soko hilo hawakuwa wamevusha chochote.

Ukaguzi wa mpakani ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya mimea na mifugo mashambani. Kwa hiyo mkulima akiona mdudu asiyemjua, au mgomba unaoiva mapema huku ndizi zikiwa zimeoza ndani, asiung'oe akaupeleka sokoni, wala asiubebe kwenda kuuonyesha. Auache pale pale, aoshe panga, amwite afisa wa kilimo wa wadi. Kutoa taarifa si kujishtaki.

Mwaka wa 1983 Taveta ilikuwa mlango ambao dumuzi aliingilia Kenya. Mlango huo bado uko hapa, na wanaoulinda ni pamoja na mama mwenye magunia 20 na kijana wa bodaboda anayeombwa kubeba mzigo saa nane za usiku.